“Nimeshakula mama”: mwaka niliopiga pasi ndefu chuo mpaka kichwa kikagoma

Kwa miezi kama mitano nilikua namdanganya mama yangu kila siku saa mbili usiku. Anapiga kutoka Kasulu, salamu zikiisha swali ni lilelile, umekula? Na mi nimelala kitandani hosteli hapa Dodoma, kanga nimeifunga tumboni nikaikaza, najibu nimeshakula mama, leo tumekula wali kuku. Nilikua mpaka namchagulia mboga. Jana yake nimesema kuku kwahiyo leo nasema samaki ili asistuke.

Naandika haya nimeshamaliza chuo, na nimeona wadogo zangu wengi wa mwaka wa kwanza na wa pili wanapita njia ileile kwa mguu uleule, tena wanacheka, maana pale chuo kupiga deshi, yaani kushinda bila kula, ni stori ya kuchekeshana. Chuo chenyewe sikitaji na zahanati sizitaji, haisaidii chochote.

Ilikua mwaka wa pili, 2023 kuelekea 2024. Mkopo nilikua napata ila ada haikukamilika yote, kuna kiasi cha kumalizia mwenyewe. Mwaka wa kwanza mjomba alinimalizia, mwaka wa pili biashara yake ya mchele ikayumba akanambia mwaka huu usinitegemee. Hosteli nilishalipia kwa hela ya likizo, nilikua nauza stationari. Bumu likaingia. Kwa asiyejua, bumu ni pesa ya kula na malazi kwenye mkopo wa chuo, wakati huo ilikua 10,000 kwa siku, ilipandishwa 2022 kutoka 8,500, na ilikua inakuja kwa mkupuo wa siku 60 kwahiyo siku hiyo unaiona 600,000 imekaa kwenye akaunti unajiona na wewe mtu kati ya watu.

Sasa sikia nilivyoifanya ile hela. 260,000 nikapeleka kwenye ada maana bila hivyo usajili haukamiliki. 170,000 nikanunua simu, ile ya zamani kioo kilikufa, fundi alisema kioo ni 45,000 ila mi nilitaka kamera nzuri, hapa sijitetei. 70,000 nikatuma nyumbani mdogo wangu alikua anadaiwa michango shule. Ikabaki laki moja ya siku 60. Piga hesabu mwenyewe, ni kama 1,666 kwa siku na humo humo kuna bando, sabuni, pedi, na fotokopi za hendauti.

Nikaanza pasi ndefu. Asubuhi hamna kitu, mchana nakunywa maji, saa kumi jioni nakula wali maharage wa 1,500, hapo nimeunganisha chai, lanchi na dina. Siku nyingine naona hata hiyo 1,500 nyingi nachukua skonsi mbili na soda, au kile kinywaji cha enaji cha kopo nikasome usiku. Wiki ya kwanza nilijisikia vizuri kweli, nikawa naona nina nidhamu ya hela kuliko wenzangu. Shoga yangu wa kitanda cha juu akawa ananisifia mwenzetu unakata kiuno. Hilo nalo usilidharau, mtu akisifiwa kwa kukonda hawezi kusema ana njaa.

Nilipofika kama wiki ya sita hela ikakata kabisa. Nikapakua aplikesheni ya mkopo kwenye simu ile ile ya kamera nzuri. Niliomba 30,000 ikaingia 24,000, wanakata juu kwa juu, baada ya siku saba wanataka 36,000. Siku ya nane walishaanza kupigia watu waliopo kwenye simu yangu, wakamtumia CR wetu, kiongozi wa darasa, meseji kwamba mimi ni tapeli na yeye ndo mdhamini wangu, wakampigia na mjomba. Novemba 2024 Benki Kuu ilikuja kutangaza orodha ya hizo aplikesheni 69 zinazokopesha bila leseni, ila mi walishanimaliza zamani. Kama hujala na una mawazo ya kukopa huko, bora umwambie mtu una njaa. Aibu ya kusema una njaa inaisha siku hiyohiyo, ile nyingine nilikutana nayo kwenye kila korido ya darasani kwa mwezi mzima.

Baada ya hapo ndo mambo yakaanza kuharibika kichwani, na hapa nataka nielezee taratibu kwa sababu yanakuja kidogokidogo mpaka mwenyewe hujui. Kwanza usingizi, nalala saa nane usiku naamka saa kumi, nakaa naangalia dari. Nikishika simu sitafuti kitu kingine zaidi ya video za mapishi, biriani, pilau la harusi, watu wanageuza chapati, naweza kuangalia masaa mawili. Darasani nasoma mstari mmoja mara tano hauingii. Baridi nasikia saa saba mchana jua la Dodoma linawaka. Ngazi za kwenda ukumbi wa lekcha nikipanda natakiwa nisimame katikati nishike ukuta nijifanye naangalia simu. Nywele zinatoka kwenye chanuo. Siku zangu zikasimama miezi miwili.

Alafu nikaanza kutamani udongo. Ule udongo wanaouza wa kutafuna, vipande vya mia, wanaonunua sana ni wajawazito. Sikuwahi kula maisha yangu yote, nikajikuta nanunua vya 500 kwa siku, nikikosa natafuna mchele mbichi wa mwenzangu mmojammoja kama karanga. Mama anayeuza akanitizama siku moja akaniuliza, “Ya miezi mingapi binti?” Nikacheka. Jioni chumba kizima kinajua nina mimba. Wenzangu waliongea pembeni, mi nasikia, na badala ya kukataa nikajigeuzia ukutani nikalala. Nilikua sina hata nguvu ya kukasirika, na mimi ni Muha, kwetu mtu akikusingizia unasimama.

Nikaacha kuingia vipindi. Naoga mara moja kwa siku tatu. Nalia bafuni bila sababu ya kuieleza. Na kulikua na usiku ambao niliwaza kwamba nisipoamka kesho itakua nafuu kwa kila mtu, mama atapumzika kupiga simu, mjomba atapumzika kudaiwa. Nayaandika haya kwa sababu najua kuna mtu anasoma na ameshawaza hivyo, na anadhani ni yeye peke yake.

Nilikwenda zahanati mara mbili. Mara ya kwanza wakapima malaria na mkojo, nikaambiwa nina UTI, nikapewa antibayotiki kali nikameza bila kula nikatapika mpaka nyongo. Mara ya pili UTI tena na malaria juu. Hakuna aliyenipima uzito wala damu, na mimi sikusema kwamba sili, kwahiyo lawama tugawane. Rafiki mwingine akanipeleka kwenye maombi, waliniombea kwa upendo kabisa sitasema vibaya, ila mwisho nikaambiwa nifunge siku tatu kavu. Mtu ambaye hajala vizuri toka Novemba. Nilifunga. Siku ya pili sikuona tofauti na siku zangu za kawaida, hapo hata mimi nilicheka.

Siku ya kudondoka ilikua kwenye foleni ya stationari, ya kuprinti asaimenti. Nakumbuka nimeshika flashi, nakumbuka joto la mashine, alafu nakumbuka kandambili za mtu. CR yuleyule aliyeitwa mdhamini wa tapeli ndo alinipakia kwenye bajaji akanipeleka hospitali. Kadi ya bima nilikua nayo, ile ya NHIF ya wanafunzi, wakati huo 50,400 kwa mwaka, wengi tunailipa kwa shingo upande tunaiona kama inakula hela yetu. Siku hiyo ililipa kila kitu.

Dokta alikua kijana tu, labda kanizidi miaka sita. Akanivuta kope la chini akaangalia, akaangalia viganja, akanipandisha kwenye mzani. Kilo 45. Fomu yangu ya afya ya kuanzia chuo inasema 54. Urefu wangu ni sentimita 162, akapiga hesabu akasema BMI, yaani uzito ukilinganisha na urefu, ni 17, chini ya 18.5 tunasema una uzito pungufu. Alafu akauliza swali ambalo katika wale wote hakuna aliyewahi kuuliza: “Jana ulikula nini?”

Nikataka kumwambia wali kuku. Nilikua nimezoea. Mdomo ukafunguka nikaanza kulia, nikalia mpaka nesi akafunga mlango.

Damu ilikua 8.3. Mwanamke asiye mjamzito inatakiwa angalau 12. Nikapewa vidonge vya kuongeza damu, dawa ya minyoo, na barua ya kwenda kitengo cha afya ya akili. Vidonge nikachukua, barua nikaikunja nikaiweka ndani ya Biblia. Jamani Mirembe, hospitali ya magonjwa ya akili, iko hapahapa Dodoma, mtu ukitaniwa unaambiwa utapelekwa Mirembe, nilijua nikikanyaga huko nimeshakua kichaa rasmi na nyumbani wataambiwa. Kosa hilo liliniongezea wiki nyingi za mateso ya bure.

Kosa lingine dogo ila lina gharama: vidonge vya damu nilikua nameza na chai ya rangi asubuhi. Wiki nne baadaye kipimo kikasoma 8.9, nilitegemea 10 na kitu. Nesi akaniuliza nameza na nini, nikamwambia chai, akashika kichwa. Majani ya chai yanazuia madini ya chuma yasiingie mwilini, kahawa hivyohivyo. Meza na kitu chenye vitamini C, chungwa, ndimu, au kwa sisi wa Dodoma juisi ya ubuyu, ile ya unga wenyewe, mifuko ya 500 inatosha siku kadhaa. Chai kunywa baada ya saa moja au mbili. Choo kitakua cheusi usiogope, na tumbo linaweza kufunga kwahiyo maji na matunda. Nilipobadilisha ikapanda mpaka 10.6 na ilipofika mwezi wa tatu wa dozi nikafika 12.1, na hata hapo sikuruhusiwa kuacha, unaendelea miezi mingine kama mitatu ili mwili ujiwekee akiba. Udongo wenyewe uliondoka midomoni bila kulazimisha, kama wiki ya pili tu ya dozi. Nikapita pale kwa yule mama nikaona ni udongo tu kama udongo mwingine.

Ila sasa. Damu imepanda, uzito umefika 48, nakula, na bado asubuhi nikiamka naona kama nimewekewa jiwe kifuani. Hapo ndo niliitoa ile barua kwenye Biblia. Nilikua nimejipa matumaini kwamba ugonjwa wangu ni njaa tu, nikila naisha. Kabla ya hapo nilijipa imani nyingine, kwamba ni mawazo tu, nikijikaza yanaisha. Zote mbili zilikua nusu.

Kwenye kile kitengo hamna aliyenivalisha gauni la hospitali. Ni chumba chenye kalenda na feni, mama mtu mzima kavaa kitenge, akaniita mwanangu, akanipa karatasi ya maswali tisa kuhusu wiki mbili zilizopita, unajibu hapana kabisa, siku kadhaa, zaidi ya nusu ya siku, au karibu kila siku. Kila jibu lina alama 0 mpaka 3, jumla ni 27, mi nilipata 17. Swali la tisa linauliza kuhusu kuwaza kufa au kujidhuru. Kalamu ilikaa pale muda mrefu, nikataka kuweka hapana, nikaweka siku kadhaa. Hakupiga kelele, hakumpigia mkuu wa chuo, aliuliza tu maswali mengine ya kuhusu hilohilo kwa sauti ileile na akachukua namba ya mtu mmoja ninayemwamini. Ukikutana na swali hilo jibu ukweli. Na kama wazo hilo lipo na wewe sa hivi unavyosoma, nenda leo hospitali yoyote ya karibu na mtu wa kukushika mkono, usisubiri kliniki ya wiki ijayo.

Yule mama ndo alinifungua macho. Akasema angalia hii karatasi, kuchoka, usingizi, hamu ya kula, kushindwa kutuliza akili kwenye kitu, maswali manne hayo mtu mwenye damu 8 na njaa atajibu ndio hata kama hana sonona, ule ugonjwa wa huzuni nzito isiyoisha. Na mtu mwenye sonona ataacha kula hata kama hela anayo. Kwahiyo wanapima vyote, wanatibu vyote. Nikapangiwa kukutana nae kila wiki na dokta akaniandikia dawa ya sonona, akanambia wazi kwamba itachukua wiki mbili mpaka nne kabla sijahisi kitu na nisiache ghafla bila kumwambia. Wiki ya kwanza nilisikia kichefuchefu tu nikataka kuitupa, nashukuru alinitahadharisha mapema.

Baadaye nilikuja kusoma kuhusu jaribio moja la Chuo Kikuu cha Minnesota, Marekani, 1944 mpaka 1945. Profesa Ancel Keys alichukua wanaume 36 wenye afya zao, waliojitolea, akawalisha pungufu kwa miezi sita, kama kalori 1,570 kwa siku, ili wajue namna ya kuwasaidia watu waliokumbwa na njaa wakati wa vita. Wale kaka wakawa na huzuni, hasira za ajabu, wakajitenga, wanasikia baridi, wanaongea chakula tu, na wengine wakaanza kukusanya vitabu vya mapishi. Niliposoma hapo pa vitabu vya mapishi nikakumbuka mimi na biriani zangu saa nane usiku. Nikawaza hawa walichaguliwa kwa kuwa wazima wa mwili na akili, na njaa iliwafanya hivyo, sasa mimi binti wa Kasulu na deni la aplikesheni juu ningepona vipi.

Sapu, mitihani ya kurudia, nilipata tatu. Nilizirudia, nikatoka, sikudisko, yaani sikuondolewa chuo, ila GPA, wastani wa ufaulu wangu, ilishuka na haikurudi nilipotaka, hilo nalo ni gharama na halifutiki.

Kuhusu kula kwa hela ya bumu, nilichojifunza kikanisaidia ni kimoja kikubwa: siku bumu linaingia, kabla ya simu, kabla ya nguo, kabla hata ya kutuma nyumbani, lipia msosi. Kuna mama ntilie nyuma ya hosteli, nikamwomba nimlipe lanchi 60 kwa mkupuo kwa 1,500, 90,000 taslimu, yeye akanunulia mchele gunia na mi nikapata sahani ya uhakika mpaka bumu linalofuata. Akafungua daftari, jina langu juu, kila nikila anaweka tiki. Kwake siombi wali mtupu, namwambia maharage yazidi na mboga ya majani yoyote iliyopo, siku za mlenda wa karanga nachekelea. Asubuhi yai la kuchemsha na ndizi, siku nyingine uji. Usiku tulijichanga wanne, mmoja ana geto na mtungi wa gesi, kila mtu anatoa 10,000 kwa wiki, tunanunua soko la Majengo maharage, unga, dagaa, tembele, mafuta, na tunapika kwa zamu. Ilikua tunagombana kuhusu vyombo kila Jumatano, hiyo naomba niwaambie mapema.

Na nikamwambia mama. Nilitegemea atalia, akakaa kimya kama dakika nzima, alafu akauliza, “Kwahiyo wale kuku wote?” Nikamwambia hamna kuku mama. Wiki iliyofuata ndoo ilifika stendi na basi la Kigoma, maharage, dagaa, na chupa mbili za mawese zimezibwa na nailoni. Vitu vyote vilikuwepo nyumbani muda wote huo.

Sonona haikuisha siku moja. Mwaka wa tatu karibu na UE, mitihani ya mwisho wa muhula, ilirudi kidogo, nikaanza kujifungia, safari hii njaa haihusiki, hela ninayo na msosi nimeshalipia. Nilikua najiambia leo nimechoka tu nitakula kesho. Siku ya nne simu ikaita, namba ya mama ntilie.

“We binti, naangalia daftari hapa, siku nne huna tiki. Unaumwa?”

Nikasema siumwi mama, nilishakula huku.

“Ulikula nini?”

Nikanyamaza.

“Wali wako wa jana nimempa mbwa,” akasema. “Wa leo simpi. Njoo.”

Nikavaa kandambili nikaenda.